Kanola ya baridi na jalidi: kipi ulipie, kipi uachane nacho

Niseme mapema tu, ikifika mwezi wa kumi na mbili huna tena la kufanya shambani. Kanola ya msimu wa baridi, zao la mbegu za mafuta, hii ambayo Wajerumani wanaiita Raps na ndo inayofanya Mecklenburg yote, kule kaskazini mwa Ujerumani, iwe njano mwezi wa tano, inapandwa mwishoni mwa mwezi wa nane, inakaa shambani baridi nzima, inavunwa mwezi wa saba mwaka unaofuata. Kila hela utakayotoa ili isife na jalidi unaitoa kati ya Agosti na Oktoba, watu bado wamevaa fulana, na ndo maana kuchagua kunakuwa kugumu, unanunua kinga ya kitu ambacho hata dalili yake huioni.

Naandika kwa ajili ya wenzetu walio kwenye mashamba ya huku, Ujerumani, Poland, Uingereza, hata Kanada na Marekani, wengine vibarua, wengine sasa ndo wanaendesha trekta na kuulizwa na bosi "wewe unaonaje". Tuliokulia Njombe na Makete jalidi tunaijua, ile ya mwezi wa sita na wa saba inaunguza viazi, asubuhi unakuta majani meusi. Ila viazi vinaungua kwenye digrii moja mbili tu chini ya sifuri. Kanola iliyoizoea baridi inavumilia -15 mpaka -18, aina nzuri hata zaidi kidogo, na ile ile kanola kama haijaizoea baridi inaweza kuondoka kwenye -6 au -8. Tofauti hiyo yote inatokana na namna ilivyoandaliwa.

Kwanza jua inakufaje

Ukiruka hapa utanunua dawa ya ugonjwa wa jirani. Kuna vifo vya aina nne na tiba ya kimoja haigusi kingine.

Cha kwanza ni baridi kavu isiyo na theluji. Wengi wanadhani theluji ndo adui, kumbe theluji ikilala sentimita kumi juu ya shamba, hewani kuwe hata na -20, kule chini kwenye shingo ya mzizi, pale mzizi unapoungana na shina, joto linabaki karibu na sifuri au chini kidogo tu. Hatari ni pale anga liko wazi, upepo unatoka mashariki na ardhi iko tupu. Ndo yaliyotokea kuanzia mwishoni mwa Januari 2012 mpaka katikati ya Februari, sehemu nyingi za Poland ilishuka chini ya -20 na theluji ilikuwa hakuna au kidogo mno, halafu kilichowamaliza zaidi ni kwamba Desemba na nusu ya Januari ilikuwa ya vuguvugu, mimea ilikuwa haijajiandaa, watu wakapindua mashamba ya kanola na ya ngano wakapanda upya mazao ya machipuko, yaani ya Machi mpaka Mei baridi ikiisha.

Kujiandaa kwenyewe kuko hivi. Joto likishuka chini ya digrii 5 hivi na likakaa hapo wiki mbili tatu, mmea unapunguza maji kwenye seli zake na kulimbikiza sukari, kwa hiyo utomvu unachelewa kuganda na barafu inajitengeneza nje ya seli badala ya ndani. Barafu ikitengenezwa ndani, seli imepasuka, basi. Sasa hiyo kazi haiwezi kufanyika kwa siku tatu, na mmea mnene uliojaa maji kwa sababu ya mbolea nyingi unaifanya vibaya.

Cha pili ni maji. Udongo uliolowa ukiganda unavimba, unainuka, unaivuta kanola juu na kuikata mizizi yake ya pembeni, wakati mwingine mpaka mzizi mkuu. Ukiyeyuka udongo unarudi chini, mmea unabaki umesimama na shingo nje, inakauka na upepo. Hapo hapo kuna ile barafu inayofunika shamba lenye madimbwi, mmea chini yake unakosa hewa. Hivi vifo vinatokea hata kwenye -5, usilaumu aina ya mbegu.

Cha tatu ni joto la uongo la Februari. Inapiga digrii 13 wiki nzima, kanola inaamka, inaanza kurefusha shina, ile sukari inatumika, halafu Machi inarudi -10. Mmea ukishaanza kurefusha shina uwezo wa kuizoea baridi tena hauwi ule wa mwanzo.

Cha nne ni jalidi ya Aprili kwenye maua, kama ile ya Aprili 2024 iliyopiga mizabibu na matunda Ujerumani na Austria. Kwenye kanola maua yaliyofunguka usiku ule yanapukutika, baadaye unaona shina limeweka maganda, halafu pengo, halafu maganda tena, kama ngazi iliyong'oka vidato. Inatisha kuiangalia lakini kanola inatoa maua wiki tatu mpaka tano na ina matawi ya pembeni ya kufidia, kwa hiyo mara nyingi hasara ni ndogo kuliko picha inavyoonyesha.

Kupanda mapema au kuchelewa

Hapa ndo penye nusu ya mechi na hapana gharama, ni tarehe tu. Mmea unaotakiwa kuingia baridi una majani kama 8, shingo ya mzizi ina unene wa milimita 8 mpaka 10, mzizi mkuu umeshuka sentimita 15 hadi 20 bila kupinda kona, na ule moyo wa kukua, pale majani mapya yanapotokea, uwe umekaa chini kabisa, usizidi sentimita 2 au 3 juu ya ardhi. Huo wa mwisho ndo watu wanausahau. Majani yote yanaweza kuungua na mmea ukapona, lakini moyo ukiungua hakuna wa kuurudisha.

Ukipanda mapema sana, tuseme mwanzoni mwa Agosti kaskazini mwa Ujerumani, unapata mzizi mzuri na mmea mkubwa, ila vuli, yaani Septemba mpaka Novemba kabla ya baridi, ikiwa ya joto (na siku hizi ndo kawaida) shina linaanza kupanda juu mwezi wa kumi na moyo unaninginia sentimita 5 hewani ukisubiri upepo wa mashariki. Ukichelewa, tuseme Septemba 15, moyo uko chini salama, ila mmea una majani manne, mzizi mwembamba kama wa mchicha, na udongo ukiinuka tu umeng'oka. Kwa hiyo anayechelewa anakufa kifo cha pili, anayewahi anakufa cha kwanza na cha tatu. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi mimi naogopa kuchelewa kuliko kuwahi. Kwenye mchanga ulio wazi kwa upepo, kinyume chake. Kwa Mecklenburg dirisha zuri ni kama Agosti 20 mpaka Septemba mosi, siku chache huku na huku, na ukishapita Septemba 10 kwa maoni yangu bora upande ngano tu ulale usingizi.

Oklahoma na Kansas kule Marekani kalenda ni nyingine kabisa, wao wanapanda katikati ya Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba kwa sababu vuli yao ni ndefu, kwa hiyo mtu asikuletee tarehe za huko.

Kuna mkorogo mmoja Uingereza. Kule baridi yenyewe sio kali sana, shida yao ni yule mbawakavu mdogo mweusi anayekula miche na kutaga, viwavi wake wanatoboa vikonyo vya majani na kuingia kwenye shina. Umoja wa Ulaya ulipobana dawa za wadudu za neonikotinoidi za kupaka mbegu mwaka 2013, wakulima wakaanza kuwahi kupanda ili mche uwe mkubwa kabla mbawakavu hajahamia shambani, na eneo la kanola Uingereza ambalo 2012 lilikuwa zaidi ya hekta 700,000 likaja kushuka chini ya nusu. Mnaona uhusiano, anayewahi kumkimbia mdudu anajiweka kwenye hatari ya jalidi, na anayebaki na viwavi ndani ya vikonyo naye ana matundu yanayoingiza maji, maji yanaganda, shina linapasuka na kuoza. Kwa hiyo ukiona kanola imekufa baridi Lincolnshire, pasua kikonyo uangalie kwanza kabla hujaanza kulaani hali ya hewa.

Wingi wa mbegu uko humu humu. Mbegu za chotara, zile za kuchanganya aina mbili, 40 kwa mita ya mraba zinatosha, wengine wanaenda 50. Kuna wazee bado wanamwaga 70 au 80 kwa imani kwamba zikifa nusu zitabaki nusu, kumbe miche ikibanana inagombania mwanga, kila mmoja unarefuka na moyo wote unapanda juu, yaani ile bima aliyoinunua ndo inayomuua. Zikibaki 15 kwa mita baada ya baridi, zikiwa zimesambaa vizuri, bado una mavuno.

Chotara ndefu au chotara fupi

Chotara za kawaida zinakua haraka, zinafukia makosa ya kuchelewa, mavuno yake yako juu. Zile fupi, kama za kundi la Maximus la kampuni ya mbegu ya Pioneer, zinakaa zimejilaza chini vuli yote, moyo karibu unagusa udongo, hata ukiwahi kupanda hazirefuki hovyo na machipuko zinachelewa kidogo kuamka. Kwa baridi kavu na kwa joto la uongo fupi inashinda wazi. Inaposhindwa ni ukichelewa kupanda, hapo inabaki kadogo kabisa na haifikii ule unene wa mzizi, na miaka ambayo baridi haikuja kabisa utamwona jirani mwenye chotara ndefu amekupita kidogo kwenye mizani.

Kwa hiyo fupi ni ya mtu anayejua atapanda mapema kwa uhakika na shamba lake liko wazi. Mtu ambaye kila mwaka shayiri yake inayotangulia kanola inachelewa kutoka shambani (na unajijua kama ni wewe) achukue ndefu.

Kuhusu uvumilivu wenyewe wa baridi, kijitabu cha muuzaji kitakwambia kila mbegu yao inavumilia. Tafuta majaribio ya mahali penye baridi kuliko kwako. Poland kuna taasisi ya COBORU inayojaribu aina na kutoa orodha ya zinazopendekezwa kwa kila mkoa, orodha za mikoa ya mashariki ndo za kuangalia hata kama wewe uko Brandenburg, mashariki mwa Ujerumani. Marekani, Chuo Kikuu cha Kansas State kimezalisha aina zake chenyewe kama Wichita na Sumner kwa ajili ya baridi ya nyanda zile, maana mbegu nyingi za Ulaya zilizopelekwa kule zilikuwa za nchi zenye baridi ya upole.

Dawa ya kufupisha au kuacha asili ifanye

Hizi dawa ni za kuvu kwa jina, metkonazoli na tebukonazoli, ila kwenye kanola zina kazi ya pili ya kuzuia shina lisirefuke na nguvu iende kwenye mzizi. Kuna mchanganyiko wa metkonazoli na mepikwati ambao unafupisha kwa nguvu zaidi. Zinapigwa kwenye majani 4 mpaka 6, siku yenye mwanga na joto la kama digrii 12 au zaidi, mmea ukiwa unakua.

Ukilinganisha na kupanda tarehe sahihi kwa wingi sahihi, dawa inakuja nafasi ya pili, na hilo sitaki kulizungusha. Lakini ina kitu ambacho tarehe haina, unaipiga ukiwa umeshaona vuli imekwendaje. Umepanda Agosti 20, Septemba imekuwa ya joto na mvua, kanola ina majani 5 tarehe 18 na bado kuna wiki tano za kukua mbele yako, hapo piga, tena usisubiri. Kosa linalofanyika sana ni kupiga ikiwa imeshachelewa, majani 9, shina limeshapanda, unazuia kitu kilichokwisha kutokea. Kosa lingine ni kupiga kwenye miche midogo yenye shida ya ukame au iliyotafunwa, unaifupisha iliyo fupi, inaingia baridi na mzizi kama uzi. Ukiwa na chotara fupi iliyopandwa kwa wakati mara nyingi unaweza kuiruka kwa sababu ya urefu, unabaki na swali la ugonjwa wa foma peke yake, hilo ni la siku nyingine.

Plau, kutolima, au kulima mistari

Kwenye hili watu wanagombana kidini kabisa. Mimi naangalia kifo cha pili na mahali moyo unapokaa.

Plau inafukia masalia ya shayiri, udongo unapata joto, mzizi unashuka moja kwa moja, maji yanapita. Ubaya wake ni udongo mwepesi uliojaa hewa, usipoushindilia kwa rola unainuka na kushuka kila ukiganda na unakunywa maji mengi juu, na Agosti ikiwa kavu umeshapoteza unyevu wa kuoteshea mbegu.

Kutolima kunatunza unyevu, dizeli inapungua, ardhi inabaki ngumu haiinuki sana. Lakini Kansas na Oklahoma waligundua tatizo ambalo Ulaya wengi hawalifikirii. Mbegu ikiota chini ya mabua ya ngano, shina lake la chini linarefuka kutafuta mwanga, shingo inakaa juu ya mabua badala ya kukaa kwenye udongo, kwa hiyo hata kama aina ni nzuri moyo uko hewani tangu siku ya kwanza. Walioondoa mabua kwenye mstari wa mbegu waliona kanola inapona baridi vizuri zaidi. Ndo maana kama una uwezo wa kupata mashine ya kulima mistari peke yake, ile inayofagia mabua pembeni na kutifua mstari mmoja kwa kina cha sentimita 20 hivi halafu katikati panabaki palivyokuwa, mimi naona ni chaguo bora kuliko yote mawili. Bei ya mashine ni ya kutisha, wengi wanakodi mkandarasi.

Ila kama shamba lako lina bonde linalotuama maji kila Januari, usinisomee haya ya plau. Chimba mfereji, safisha mabomba ya chini ya ardhi ya kutolea maji, au lile bonde usilipande kanola kabisa. Hakuna mbegu wala dawa inayoshinda maji yaliyosimama.

Mbolea

Fupi tu. Naitrojeni nyingi vuli inafanya majani yapendeze na mmea uwe laini, ndo ule unaopasuka. Ujerumani sheria imeshakuamulia, kilo 60 za naitrojeni kwa hekta kwa jumla na kati ya hizo za amonia zisizidi 30, kanola iwe imepandwa kufikia Septemba 15, na baada ya Oktoba mosi hakuna kumwaga tena mpaka Januari iishe. Kwenye yale yanayoitwa maeneo mekundu, ambako maji ya ardhini yana naitreti nyingi, masharti ni makali zaidi. Kilicho na faida ni potasiamu ya kutosha, na boroni, gramu 150 hadi 200 kwa hekta pamoja na ile dawa ya kufupisha, maana kanola isiyo na boroni inapata tundu ndani ya mzizi na tundu hilo ndo mlango wa maji na barafu. Na Februari usikimbilie kumwaga naitrojeni siku ya kwanza inayoruhusiwa kwa sababu jirani amemwaga, kama utabiri una baridi mbele wewe unaiamsha kanola iende kufa.

Vitu ambavyo nisingetoa hela

Maji ya kunyunyiza kama wanavyofanya kwenye matufaa. Inafanya kazi kweli, maji yanapoganda yanatoa joto na bustani inakaa karibu na sifuri, lakini inataka milimita 3 hadi 4 kwa saa usiku kucha, maana yake mita za ujazo 30 hadi 40 kwa hekta kwa saa. Una hekta 100 za kanola? Hizo ni mita za ujazo 3,000 mpaka 4,000 kila saa. Utatoa mto gani? Mishumaa ya mashamba ya mizabibu, ile iliyowaka Ufaransa nzima Aprili 2021, ni 300 mpaka 500 kwa hekta, kwa zao ambalo wastani wake Ujerumani unazunguka tani 3 na nusu kwa hekta hesabu haifungi hata ukiikunja vipi. Kitambaa cha kufunika ni cha mboga na majaribio.

Halafu kuna chupa za mwani na asidi za amino zinazouzwa Oktoba na maneno ya "kinga ya baridi". Sisemi hazina kitu ndani. Nasema sijaona ikiokoa shamba lililopandwa vibaya, na shamba lililopandwa vizuri halikuihitaji. Hela hiyo peleka kwenye boroni na rola.

Bima au kubadilisha zao

Poland serikali inachangia mpaka asilimia 65 ya ada ya bima ya mazao, na hasara za baridi na za jalidi ya machipuko ni kati ya zinazokatiwa, kwa bei hiyo mtu wa mashariki ya Poland asiyekata simwelewi. Ujerumani msaada unategemea jimbo, na bila msaada ada ya kukatia baridi ni nzito, hapo unahesabu mwenyewe, shamba la hekta 40 lenye zao moja sio sawa na la hekta 900 lenye mazao sita. Kitu kimoja tu, soma wanahesabuje hasara, mimea mingapi kwa mita ndo wanakubali kwamba shamba limekufa, na kwamba usilipindue kabla hawajaja kuangalia.

Kuhama zao nako kuna njia mbili. Kanada kwenye nyanda zile za Saskatchewan na Alberta hawahangaiki kabisa, baridi yao inaua kanola ya msimu wa baridi karibu kila mwaka, wao wanapanda kanola ya machipuko mwezi wa tano, wastani wao ni tani 2 na kidogo kwa hekta na wamekubali. Ulaya ukifanya hivyo unapoteza tani nzima na zaidi, na mbawakavu wa maua wanakusubiri. Njia ya pili ni kamelina ya baridi, mmea mdogo wa mafuta, mgumu kuliko kanola kwa mbali, Minnesota aina inayoitwa Joelle inapita baridi ambazo kanola haiwezi hata kuota ndoto, na wanaweka soya katikati yake machipuko. Tatizo ni soko na uzito, unavuna nusu au chini ya nusu ya kanola, na kabla hujapanda hakikisha kuna mtu ameshasaini kuinunua.

Kama ni mimi

Ningekuwa mashariki ya Poland au Ukraine kwenye ardhi ya wazi: chotara fupi, Agosti 20 hivi, mbegu 40, boroni, bima. Dawa ya kufupisha ningeiweka stoo nione Septemba inakwendaje.

Kaskazini mwa Ujerumani karibu na bahari, baridi kali ni ya mwaka mmoja kati ya mingi, hapo chotara ndefu na dawa moja kwenye majani 5, na hela ya bima ningeipeleka kwenye mifereji kwa sababu kule kinachoua zaidi ni maji. Uingereza ningesahau jalidi kabisa nipambane na mbawakavu na konokono. Kansas kitu cha kwanza ambacho ningenunua ni vifaa vya kufagia mabua kwenye mstari wa mbegu, kabla hata sijafikiria aina.

Baridi ikishapita, ule mwezi wa pili mwishoni, shamba linakuwa la kahawia na linanuka kabichi iliyooza na kila mtu anasema limekufa. Usiende na plau. Chimba mimea kama ishirini sehemu tofauti, za juu na za bondeni, upasue mzizi kwa urefu kwa kisu. Ukiwa mweupe na mgumu ndani mmea uko hai hata kama hauna jani hata moja, ukiwa wa kahawia, laini, unavuja maji, huo umekwenda. Kama huna uhakika beba mabonge kadhaa yenye mimea uweke ndani kwenye joto siku 10 mpaka 14, mimea iliyo hai itatoa vijani vipya vya kati. Ukihesabu ukapata 15 hai kwa mita zilizosambaa, acha. Ukipata 10, bado ningeacha kama mapengo sio makubwa na magugu yako chini. Chini ya hapo ndo unapindua, na kabla hujaagiza mbegu ya mahindi au shayiri ya machipuko soma karatasi ya dawa ya magugu uliyopiga Septemba, kwa sababu metazaklori na klomazoni bado zimo kwenye udongo na sio kila zao linakubali kuota juu yake.